Saba ya Nne, Tano ya Nane

Mimi ni mtu ambaye nikinunua ndala huuliza watu watatu, na nikishafika nazo nyumbani namuuliza wa nne kama wale watatu walikuwa sahihi. Mama anasema hata kuzaliwa nilichelewa kwa sababu nilikuwa bado nafikiria. Kwa hiyo si vigumu kuelewa hali niliyokuwa nayo mwaka ule, mahindi yakiwa yameshavunwa, nilipotakiwa kuchagua kompyuta moja kati ya mbili.

Nilikuwa nimemaliza chuo, fani ya upimaji ardhi, na huo ulikuwa mwaka wangu wa pili nikiwa nyumbani Handeni. Nilishapeleka barua za maombi kila ofisi yenye mlango. Majirani walikuwa wameacha kuniuliza "umepata?", na kule kuacha kwao kuuliza kuliniuma kuliko walipokuwa wakiuliza. Ndipo akanipigia mpima mmoja wa Korogwe, mzee wa makamo ambaye nilifanya mafunzo ya vitendo chini yake.

"Nina viwanja vya Mkumbara hapa," alisema. "Vijana wameshavipima, vinataka kuchorwa tu. Jumatatu nakutumia, nakupa wiki moja nikuone. Ukiweza, kazi nyingine zipo, utafanyia hukohuko kwenu. Mashine unayo?"

"Ninayo, mzee," nikasema.

Sikuwa nayo. Mtu anayewaza kila neno mara kumi kabla ya kulitoa, siku hiyo nililitoa bila kuwaza hata mara moja. Nilipokata simu nikamweleza mama. Hakunigombeza. Alikuwa ameuza sehemu ya mahindi, na ile hela aliifunga kwenye kitambaa akaniwekea mapajani.

"Nunua," akasema. "Ila nunua mara moja. Usinunue mara mbili."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Kulikuwa na muuzaji wa kompyuta zilizotumika pale Korogwe, si mbali na stendi. Nilimpata kupitia rafiki, akanitumia picha za mashine mbili zenye bei moja. Kumbukumbu zilikuwa sawa, ukubwa wa kioo sawa. Tofauti ilikuwa kwenye prosesa, ile sehemu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Moja ilikuwa ya daraja la tano, nyingine ya daraja la saba. Vijana wanasema ai faivu na ai seveni. Mimi na muuzaji tulisema tano na saba, na nyumbani Handeni au sokoni Korogwe, mtu yeyote atakwambia saba inaizidi tano.

Lakini daraja si habari yote. Prosesa ina kizazi pia. Watengenezaji hutoa kizazi kipya kila baada ya muda, na tano ya kizazi kipya inaweza kuiacha mbali saba ya kizazi cha zamani. Haya niliyajua. Nilishajaza kurasa sita za daftari nikiyaandika, nikipiga mistari, nikiweka alama za tiki na kuzifuta. Kilichobaki ni kujua mashine zile ni za kizazi kipi. Nikampigia.

Simu yangu ilikuwa imekufa ile sehemu ya sikioni, kwa hiyo kila aliyenipigia aliongea kupitia spika, mtaa mzima ukasikia. Na pale kwetu mtandao unashika vizuri sehemu moja tu, nyuma ya jiko la kuni. Mama alikuwa ndani ya jiko anachambua maharage. Sikumjali. Yalikuwa mambo ya kompyuta.

"Kaka, hivyo vizazi vyake ni vya ngapi?" niliuliza.

Mtandao ukakatakata. Akajibu, nikaandika kwenye daftari: saba, kizazi cha nane. Tano, kizazi cha nne.

"Na hicho kizazi cha zamani, hakichemki?"

"Kitachemka kidogo, dada. Umri tena!" Akacheka.

"Kinaweza kubeba mzigo mkubwa?"

"Inategemea unataka kubeba nini." Akacheka tena.

"Kilishawahi kufunguliwa?"

"Mara moja tu, kusafishwa."

Nikashukuru, nikakata. Mambo yalikuwa mepesi kupita kiasi. Saba yenye kizazi cha nane inaishinda tano yenye kizazi cha nne kwa kila kitu. Hata mtoto angechagua. Lakini mbona bei moja? Nikafungua ukurasa wa saba wa daftari nikaandika swali hilo, na nikaendelea kulitazama mpaka jua lilipozama.

Asubuhi ya Ijumaa mama aliniletea kikombe cha bati. Ndani kulikuwa na maji ya rangi ya kutu, yenye moto.

"Kunywa."

"Nini hii, mama?"

"Kunywa kwanza. Maneno baadaye."

Nikanywa. Ilikuwa chungu kiasi kwamba masikio yalisimama. Mama akavuta kigoda akakaa karibu yangu, magoti yetu yakagusana, jambo ambalo halifanyi ila kwenye msiba.

"Mwanangu, tatizo la kizazi si aibu," alisema taratibu. "Wangapi walipata na wakapona. Wangapi tuliwaona na watoto baadaye. Mbona hukuniambia mimi, ukamwambia mwanamume kwenye simu?"

Sikuelewa.

"Nimesikia yote jana. Na yule daktari wako simpendi. Anazungumzia kizazi cha mtoto wa watu, anacheka cheka! Eti kitachemka, umri. Umri gani? Una miaka mingapi wewe?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimeshaamua. Ile hela itakupeleka hospitali. Kompyuta itasubiri."

Ndipo nilipoelewa. Nilicheka mpaka dawa ikanipalia, nikakohoa, nikacheka tena. Mama akasimama amekasirika. Ilibidi nimshike kanga nimrudishe kigodani, nimwoneshe picha za mashine, nimweleze kwamba kompyuta nazo huhesabiwa kwa vizazi, na kwamba aliyefunguliwa akasafishwa si mimi.

Akazitazama tena zile picha. "Wazungu hawana neno lingine?" akauliza mwishowe.

"Neno ni letu, mama. Wao wana lao."

"Basi mimi nimeshamweleza jirani. Hiyo mizizi ni yake. Leo alfajiri ameichimba, maskini, na swala hajamaliza."

"Mama!"

"Nitamwambia umepona."

Tulicheka pamoja sasa. Lakini mimi nilikuwa nawaza jambo lingine. Mama alikuwa tayari kuiacha ile kompyuta bila kunung'unika, alale na kuamka akinihesabia dawa, na hakuwa amesema neno moja juu ya miaka miwili niliyokula kwake bure. Nikaona heri angenigombeza.

Kisha akasema, kana kwamba ni jambo dogo, "Na mimi nikawa nahesabu tarehe zako za kliniki."

"Tarehe gani?"

"Si alikutajia? Saba ya nne, na tano ya nane. Nikasema saba mwezi wa nne imeshapita, huyu mtoto ameikosa, ndiyo maana hali imekuwa mbaya. Ila tano mwezi wa nane bado, ni siku tatu kabla ya Nane Nane, tutaiwahi."

Nikachukua daftari. Nilikuwa nimeandika saba ya nane, tano ya nne.

"Mama, una uhakika? Hakusema saba ya nane?"

"Saba ya nane ningeiweka karibu zaidi na Nane Nane. Siku moja kabla. Mimi nimehesabu kwa vidole, siku tatu. Wewe ulikuwa unaandika, mimi nilikuwa naogopa. Nani alisikiliza vizuri?"

Nne na nane. Herufi moja tu ndiyo inayoyatenganisha, na mtandao ulikuwa unakatakata. Nilimtumia muuzaji ujumbe mrefu: saba ni kizazi cha nne au cha nane, na tano je? Akanijibu kwa picha ya kidole gumba kilichonyooka. Nikatuma tena. Kidole gumba kingine. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na Jumatatu viwanja vya Mkumbara vinakuja. Mama akasema twende wote Korogwe tukajionee.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye feni. Muuzaji alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, akamwamkia mama vizuri kwa shikamoo na kumpa kiti. Mama aliitika marahaba kwa sauti ya mtu ambaye bado hajamsamehe daktari. Kwenye benchi alikaa dereva wa bodaboda aliyekuja kutengenezewa simu, kofia yake ngumu ikiwa mapajani.

Mashine zote mbili zilikuwa juu ya meza. Saba ilikuwa nyeusi, inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Tano ilikuwa ya kijivu, mfuniko wake una mkwaruzo mrefu na herufi M imefutika kwenye kitufe.

Niliziwasha, nikaenda sehemu inayoonesha namba ya prosesa. Tarakimu ya kwanza ya namba hiyo ndiyo hutaja kizazi. Ya saba ilianza na nne. Ya tano ilianza na nane.

Mama alikuwa amesikia sawasawa.

"Kwa hiyo nyeusi ni ya zamani," nilisema.

"Ni ya zamani lakini ni saba, dada," muuzaji akasema. "Mimi sikufichi, kwenye simu nilikwambia. Ila hapa nikitamka tu saba, mtu anatoa hela kabla sijamaliza sentensi. Hii ya kijivu ipo hapa tangu Ramadhani."

"Tuchukue saba," mama akasema palepale. "Angalia ilivyo safi. Hii nyingine imegongwa."

Hapo niliona nitumie mfano. Nilijipanga. Nikasema, "Mama, chukulia ni shule. Hii nyeusi ni mtu wa darasa la saba, sawa, lakini wa zamani. Hii ya kijivu ni wa darasa la tano, lakini wa siku hizi."

Mama, muuzaji na yule wa bodaboda walinitazama kwa pamoja.

"Darasa la saba la zamani?" mama akasema. "Mwanangu, mimi ndiye darasa la saba la zamani! Tulikuwa tunaandika barua inaanza na yahusu, inaisha na wako mtiifu. Tulipiga hesabu za kichwa tumesimama. Leta huyo wa darasa la tano wa leo, mpe gazeti hapa asome!"

"Hata wa kidato cha nne wa leo," akadakia wa bodaboda. "Mama, umeua."

"Dada," muuzaji akasema huku akijizuia kucheka, "kwa mfano huo umeniuzia saba mwenyewe."

Nilihisi joto limenipanda mpaka kwenye nywele. Kurasa saba za daftari, na mfano mmoja umenimaliza. Tena mama alikuwa na haki yake. Hata mimi naamini darasa la saba la zamani lilikuwa darasa. Tatizo ni kwamba vyuma haviko kama watu.

Nikatoa flashi. Nilikuwa nimeweka programu ya kuchorea ramani, ambayo ni ya bure, pamoja na mradi wangu wa mwisho wa chuo. Nikamwomba muuzaji ruhusa, akasema jaribu unavyotaka, mteja kuondoka na mashine na kurudi nayo kesho ni balaa kwake pia. Nikaweka programu kwenye zote mbili. Nikamwomba wa bodaboda anishikie saa kwenye simu yangu, kwa kuwa ya kwake ilikuwa mezani imefunguliwa tumbo.

Nikafungua mradi kwenye zote mbili kwa pamoja. Saba ikafungua kwanza.

"Haya!" akasema mama.

Nilijiona nikiwa na ile nyeusi nyumbani, kisha nikajiona na ile ya kijivu nyumbani, na kwa kila moja nilijiona Jumatatu nikimpigia mzee wa Korogwe kumwambia mzee, samahani. Labda daftari lote nililijaza uongo. Labda nilisoma vibaya. Nilikuwa karibu kusema tuchukue nyeusi, ili kosa likitokea liwe la watu wengi.

Nilisita, na kwa mara ya kwanza kusita kwangu kukanisaidia. Nikajiuliza: Jumatatu nitafungua ramani tu, niitazame? Hapana. Nitaweka picha ya anga chini yake, yaani ardhi iliyopigwa picha kutoka juu, nichore viwanja juu, nivute huku na huku, nikuze, nipunguze, kutwa nzima. Hiyo ndiyo kazi. Nilikuwa nimepima mtu kuingia mlangoni, nikadhani nimempima kulima.

Nikaweka picha ya anga kwenye zote mbili. Picha hiyo ni nzito, ndiyo iliyokuwa ikitutesa chuoni. Nikaanza kuchora kwenye nyeusi. Kiwanja cha kwanza, cha pili. Cha tatu ikaganda. Feni yake ikaanza kulia kama inapuliza moto wa kuni mbichi. Nikasubiri. Picha ikaja vipande vipande. Nikaweka kiganja chini yake.

"Dada msomi," akasema wa bodaboda, "unaipima homa?"

Mama akainuka, naye akaweka kiganja. Akakitoa haraka.

"Ina homa kweli."

"Ipe panadoli, mama."

"Na wewe tazama saa uliyopewa!"

Nikahamia ya kijivu. Picha ileile, viwanja vilevile. Nilichora viwili, vitatu, kumi. Nilivuta picha upande huu na upande ule, ikanifuata kwa utulivu. Feni yake ilisikika kwa mbali tu. Hii ina vichwa vinne vya kufanya kazi ndani yake, ile nyeusi ina viwili, na sasa haikuwa tena habari ya kwenye daftari. Mama aliweka kiganja chini yake, akakiacha hapo.

"Dakika tatu na sekunde kadhaa hii," wa bodaboda akatangaza. "Ile nyingine nilisimamisha saa ilipofika tisa. Nilichoka."

Muuzaji alikuna kichwa. "Mimi mwenyewe sijawahi kuzipima hivyo."

Mama akatazama nyeusi inayong'aa, akatazama mkwaruzo wa ile ya kijivu. Nilijua bado anaitaka nyeusi. Ilikuwa hela ya mahindi yake, jua lake na mgongo wake. Na mimi katika maisha yangu sikuwahi kuchagua kitu ambacho mama hakukichagua kwanza.

"Mama," nikasema, "nachukua ya kijivu."

Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Hiyo tano?"

"Hiyo tano."

"Una uhakika?"

Hili ndilo swali ambalo siku zote hulijibu kwa kusema sijui. "Sina uhakika wote," nikasema. "Lakini hiyo ndiyo itakayochora."

Mama akafungua kitambaa, akamgeukia muuzaji. "Mfungie. Na hiyo herufi iliyofutika uiandike."

"Mama, kitufe kinafanya kazi, ni rangi tu."

"Iandike. Mwanangu asije akaitafuta."

Muuzaji alichukua kalamu ya wino mweupe akaandika M, kwa mwandiko mbaya.

Jumatatu viwanja vya Mkumbara vilikuja kama mzee alivyoahidi. Nilikaa mezani siku nne. Umeme ulikatika mara mbili, na betri ya mashine ilishika mpaka ukarudi. Mama alikuwa anapita nyuma yangu na ungo, anasimama, anatazama mistari ikijipanga kando ya barabara kuu, anauliza hapo ni kwa nani na pale ni kwa nani kana kwamba ninawajua wenyewe. Alhamisi nikatuma kazi. Nilipobonyeza kutuma nilitoka nje, nikazunguka nyumba mara tatu.

Ijumaa asubuhi jibu likaja: "Kiwanja namba kumi na moja rudia. Mpaka wa upande wa barabara haujafunga."

Basi. Hakuna hongera, hakuna pole. Nilisoma neno "rudia" mpaka likapoteza maana. Kwamba nimeshindwa? Kwamba amechoka nami? Kwamba amegundua nilimdanganya kuhusu mashine? Nikampelekea mama simu, nikamsomea, nikamweleza maana zote tatu nilizoziona ndani ya ujumbe ule.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa na unga.

"Amesema rudia," akasema. "Hajasema rudi."

Nikaingia ndani, nikafungua mashine. Mpaka wa kiwanja namba kumi na moja ulikuwa umeachana mahali padogo mno, upana wa nukta moja, pale nilipochora umeme ukiwa umekatika na macho yamechoka. Nikauvuta mpaka ncha mbili zikakutana. Nikakuza picha kuangalia kama kweli zimekutana. Nikakuza tena. Kisha nikautuma, kabla sijakuza mara ya tatu.

Adhuhuri akajibu: "Sawa. Wiki ijayo nakutumia vya Segera."

Nikamsomea mama mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anatwanga.